Bunduki za bei nafuu: nani aliyepima mtutu?

Gobore la marehemu babu lilikuwa na alama mbili. Moja ilikuwa kitakoni, herufi za jina lake alizochonga mwenyewe kwa ncha ya kisu. Nyingine ilikuwa kwenye mtutu, karibu na mahali pa kuwekea fataki: kialama kidogo chenye umbo la yai, ndani yake E, L na G, na nyota chini yake. Tulipokuwa watoto kule Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, tuliamini ni jina la Mzungu aliyeliuza. Gobore lilisalimishwa polisi miaka mingi iliyopita, babu akiwa bado hai, na sikuliona tena. Lakini nilipokuja kuajiriwa kutunza ghala la silaha kwenye shamba moja la mkonge upande wa Muheza, fundi mzee aliyenifunza kazi alinichorea alama ileile kwenye vumbi la meza, akanieleza maana yake. Ni muhuri wa nyumba ya kupimia mitutu ya Liège, Ubelgiji. Mtutu ule ulishindiliwa baruti kupita kipimo, ukafyatuliwa bila mtu kuushika, ukabaki mzima.

Na lile halikuwa bunduki ya kifahari hata kidogo. Lilikuwa bei chee. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka, nyingi zikiwa silaha ambazo majeshi ya Ulaya yalikwisha kuzichoka, pamoja na magobore ya biashara yaliyoundwa kwa ajili ya soko la kwetu. Lakini mtutu uliotoka Liège kwa njia halali, wa tajiri au wa maskini, ulipitia mlango uleule wa kupimwa. Upimaji wa mji ule una historia ya tangu mwaka 1672. Birmingham nao walijengewa nyumba yao ya kupimia kwa sheria ya bunge mwaka 1813. Mnunuzi wa Pangani hakuwajua wapimaji hao na hakujua kusoma muhuri wao, lakini walikuwa wamemfanyia kazi yake kabla hajatoa pesa.

Nimeanzia huko kwa sababu ya swali la mpwa wangu. Anaishi Houston, Texas, ana kibali cha ukaazi wa kudumu, anaendesha lori siku za kazi na Jumamosi humsaidia rafiki yake kwenye ranchi ya ng'ombe nje ya mji. Nguruwe pori wanafukua malisho usiku kucha, kama wanavyofukua mihogo ya watu wetu Pangani na Handeni. Akanitumia picha mbili za bunduki za semi-otomatiki, zile zinazojikoki zenyewe kila zinapofyatuliwa, za mtindo wa AR-15. Moja dola 550, nyingine dola 1,700. Chini akaandika: "Shikamoo mjomba. Hizi zinafanana kama pacha. Hii ya bei nafuu ni ya kuaminika, au nitajuta?"

"Marahaba mjomba," nilimjibu, kisha nikakaa na swali lake karibu wiki nzima. Kwanza nilimwuliza kama anaihitaji kweli, nani anaishi naye nyumbani na itafungiwa wapi. Aliponijibu nikaridhika. Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza kuhusu chuma.

Kufanana kwenyewe kuna historia yake. Umbo lile lilibuniwa na Eugene Stoner katika kampuni ya ArmaLite miaka ya 1950. Colt wakanunua haki zake mwaka 1959, wakaliuzia jeshi na baadaye raia. Hataza ya mfumo wake wa gesi ilipoisha mwaka 1977, mlango ukawa wazi kwa yeyote mwenye mashine za kukereza. Marufuku ya Marekani ya mwaka 1994 juu ya bunduki za namna hii ilipofikia kikomo mwaka 2004, soko likafurika. Leo kampuni nyingi zinatengeneza kitu kilekile kwa vipimo vinavyokaribiana, na viunzi vyao vya aluminiamu hufuliwa katika viwanda vichache tu kisha vikaenda kukerezwa na kupigwa chapa za majina tofauti. Kwa hiyo mpwa wangu yuko sahihi. Ni pacha. Umbo halimwambii mnunuzi lolote.

Jina lililopigwa chapa linamwambia nini, basi? Hapa ndipo ninapotofautiana na watu wengi wanaopanga majina ya kampuni kwenye ngazi, hii ya kwanza, hii ya mwisho, kama timu za ligi. Kule Marekani hakuna sheria ya taifa inayolazimisha bunduki kupimwa kabla ya kuuzwa kama ilivyo Ubelgiji, Ujerumani, Italia au Uingereza, nchi ambazo zina mkataba wa pamoja wenye mizizi ya mwaka 1914 na ambazo hufyatua kila silaha kwa risasi yenye nguvu kupita kiwango. Marekani wana viwango vya hiari vya wenye viwanda. Tena tume yao ya usalama wa bidhaa za walaji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, haina mamlaka juu ya bunduki. Birika la umeme likiwaka moto tume inaweza kuamuru lirudishwe dukani. Bunduki ikipasuka usoni mwa mtu, kurudishwa kwake kunategemea uamuzi wa kampuni yenyewe au kesi mahakamani.

Ukilielewa hilo, bei unaisoma kwa namna nyingine. Anayelipa dola 1,700 ananunua chuma bora kidogo, ndiyo, na anamlipa mtu wa kupima na kutupa vipande vibovu. Anayelipa dola 550 mara nyingi anapata chuma kilekile au kinachokaribiana nacho, ila sehemu ya kazi ya kupima ameachiwa yeye. Akiijua kazi hiyo na kuifanya, amefanya biashara nzuri. Asipoijua, anapima kwa shavu lake.

Nieleze kwa kipande kimoja, bolti, kile kinachofunga mlango wa mtutu wakati risasi inalipuka. Fundi pancha wa pale Ngamiani akikujazia upepo tairi la gari dogo, geji yake inasoma 30 na kidogo. Kwa kipimo hichohicho, presha ndani ya chemba ya bunduki hii, pale risasi inapokaa, hufika kama 55,000. Mzigo wote huo unabebwa na meno saba ya bolti, kila jino dogo kuliko punje ya mahindi. Katikati ya bolti kuna tundu linalopitishwa pini, na hapo ndipo chuma kilipo chembamba, ndipo nyufa hupenda kuanzia. Ufa wenyewe huuoni kwa macho. Kiwanda makini hufyatua risasi ya nguvu ya ziada kwa bolti ile, kisha huitia usumaku na kuimwagia maji yenye unga laini wa chuma chini ya taa maalumu. Penye ufa, unga hujipanga mstari. Kazi hiyo hufanywa kipande kwa kipande, na inakula muda na mshahara. Wapo wa bei nafuu wanaoifanya kwa kila bolti na kuigonga alama. Wapo wanaopima moja katika kundi zima na kuziamini zilizobaki. Ukiziweka bolti hizo mbili mezani huwezi kuzitofautisha, na tofauti ya gharama ni dola chache tu.

Kwa hiyo swali la kwanza nililompa mpwa wangu halikuwa la jina. Nilimwambia aulize kama bolti ya bunduki anayoitazama imepimwa moja moja, na kama alama ipo juu yake. Muuzaji asiyejua jibu, aondoke dukani kwake.

Swali la pili ni la skrubu mbili. Juu ya mhimili unaobeba bolti kuna kijibomba kidogo kinachopokea gesi kutoka kwenye mtutu, nacho kimefungwa kwa skrubu mbili. Mtutu unapata moto, unapoa, unatikisika, na skrubu yoyote duniani ikitendewa hivyo hulegea. Dawa yake ni ya kizamani: fundi huchukua tindo na nyundo, akagongelea chuma cha kandokando kiingie kwenye kichwa cha skrubu kiishikilie. Ni kazi ya nusu dakika. Rafiki wa mpwa wangu alinunua bunduki ya kampuni moja ambayo sitaitaja, na kwenye picha niliyotumiwa, skrubu zilikuwa zimeguswaguswa tu, kama mtu aliyeambiwa aweke alama ili msimamizi asipige kelele. Baada ya risasi mia chache gesi ikaanza kuvuja. Bunduki ikawa inatema ganda lakini haichukui risasi inayofuata. Semi-otomatiki ikageuka kuwa bunduki ya risasi moja moja, na nguruwe hangoji.

Nilipoiona picha ile nilikumbuka godauni moja karibu na bandari yetu hapa Tanga. Kampuni ya ulinzi ilikuwa imenunua shotigani mpya za semi-otomatiki, za bei nafuu, zinang'aa, na wenye kampuni wakajisifu kwamba walinzi wao sasa ni wa kisasa. Nilikwisha kustaafu shambani, wakaniita nitazame moja iliyokuwa inakwama. Mlinzi aliyepewa alikuwa mtu mzima kunizidi. Alinipokea kwa heshima, akaifungua chemba kunionyesha kuwa ni tupu kabla sijaomba, nikajua huyu amepitia mafunzo ya kweli. "Shikamoo kaka," nikamwambia, "tatizo nini?" Akanionyesha kwa kidole kifuniko cha mbele, kile kinachobana mtutu usisogee. Kinatakiwa kuwa na kijino chenye springi kinachokizuia kisijifungue chenyewe. Springi ilikuwa imekufa, laini kama waya wa kufungia maua. Kila akifyatua, kifuniko kinazunguka kidogo, mtutu unasogea mbele upana wa ukucha, ganda linakosa njia ya kutoka. Tukafungua nyingine nne. Tatu springi zilikuwa hivyohivyo. Ndani, kwenye pistoni ya gesi, chumvi ya bahari na grisi nzito vilikuwa vimekwisha kufanya kutu ya rangi ya udongo wa Lushoto, na silaha zenyewe hazikuwa na mwaka. Yule mzee alikuwa akilinda mali ya mamilioni usiku wa manane kwa kitu ambacho kingempa risasi moja, na alikuwa akijua. Alikwisha kuripoti mara mbili.

Hilo ndilo linalonikera katika mjadala wa bei nafuu. Anayeokoa pesa na anayesimama nyuma ya silaha mara nyingi si mtu mmoja.

Niliwashauri wenye kampuni wazirudishe na kwa pesa ileile wanunue shotigani za kukoki kwa mkono. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, nami naikubali methali hiyo nusu. Kinachovunja upishi ni kununua kitu cha mambo mengi kwa pesa ya kitu cha mambo machache. Silaha ya kukoki kwa mkono haihitaji gesi, haitegemei springi ndogo ya kurudisha bolti, haijali kama risasi ina nguvu kidogo au nyingi, maana mkono wa mlinzi ndio unaofanya kazi. Pesa chache zinatosha kuiunda vizuri. Semi-otomatiki ya pesa hizohizo lazima ikope mahali, na deni hulipwa kwenye springi, kwenye pistoni na kwenye rangi ya kuzuia kutu.

Tukirudi Texas, mkopo wa AR ya bei nafuu mara nyingi umefichwa kwenye tundu la gesi. Kwenye mtutu kuna kitundu kinachochepusha gesi ili iirudishe bolti nyuma. Kikiwa kidogo mno, risasi dhaifu za bei rahisi haziiendeshi bunduki, na mteja hupiga simu kulalamika. Kwa hiyo baadhi ya viwanda hutoboa kikubwa kupita haja. Bunduki inakubali kila risasi unayoilisha, na mnunuzi anaisifu siku ya kwanza: haikwami kabisa! Lakini bolti inarudi kwa kishindo, ganda linang'olewa mtutu ukiwa bado na presha, ukucha unaolivuta unalika, springi zinachoka, bega linaumia. Uaminifu wa mwezi wa kwanza umenunuliwa kwa umri wa miaka ya mbele. Ndiyo maana nikisoma sifa za mtu aliyefyatua risasi mia mbili siku moja kisha akaitangaza bunduki yake kuwa bora, nasikitika. Amepima kile tu ambacho kiwanda kilitaka apime.

Kuhusu majina yenyewe, nitasema ninachoweza kukisimamia. Smith & Wesson na Ruger ni viwanda vikongwe na vikubwa, na vimeingia kwenye soko la bei nafuu kwa mifano kama M&P15 Sport na AR-556. Hiyo AR-556, iliyotoka mwaka 2014, ina mtutu uliofuliwa kwa nyundo ukiwa baridi, njia ambayo zamani ilikuwa ya bunduki za bei ya juu. Sport ina mtutu wa feleji namba 4140, ambao wapenda mabishano huudharau kwa sababu jeshi hutumia 4150. Tofauti kubwa ya vyuma hivyo viwili ni kaboni, takriban asilimia 0.40 kwa 0.50, na faida ya kile cha jeshi huonekana mtutu unapokuwa mwekundu kwa kufyatua mfululizo. Mtu wa nguruwe watano kwa usiku hatafika huko maishani. Ningempa mpwa wangu mojawapo ya hizi mbili bila kusita, zaidi kwa sababu kampuni hizi zina idara ya kupokea bunduki mbovu na jina kubwa la kupoteza.

Palmetto State Armory ya South Carolina ni habari nyingine, na inaonyesha vizuri kwa nini jina peke yake halitoshi. Ilianza mwaka 2008, ikakua haraka kwa kuuza nyingi kwa faida ndogo. Jina moja hilo linauza ngazi kadhaa za ubora: kuna mitutu ya kawaida, na kuna iliyotengenezwa na kampuni ya silaha ya FN, iliyofuliwa kwa nyundo na kutiwa kromu ndani. FN asili yao ni Herstal, jirani kabisa na Liège ya gobore la babu, ingawa mitutu hiyo hutoka kwenye kiwanda chao cha hukohuko South Carolina. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kama Palmetto ni nzuri au mbaya, na wote wakawa wakweli, kwa sababu hawazungumzii bunduki moja.

Anderson wa Kentucky walijijengea jina kwa kuuza viunzi vya chini vitupu kwa bei ya chini sana, chini ya dola 100. Wengi walivicheka. Mimi siwacheki waliovinunua. Kiunzi cha chini ndicho kinachobeba namba ya usajili, kwa hiyo mbele ya sheria ya Marekani hicho ndicho bunduki yenyewe, na ndicho chenye jina la kampuni. Lakini presha haipiti hapo. Kinashika triga, magazini na kitako. Bolti hujifunga kwenye mtutu, huko juu, na huko ndiko kwenye hatari. Kuna watu wanalipa dola mia tatu za ziada kwa jina lililoandikwa kwenye kipande kinachofanya kazi nyepesi kuliko vyote, kisha wanabana matumizi kwenye bolti. Huo ni ununuzi wa kichwa chini miguu juu.

Na lile neno "kiwango cha jeshi" linalobandikwa kila mahali, nalisoma kwa tahadhari. Michoro na taratibu kamili za upimaji za bunduki ya jeshi la Marekani zipo kwa serikali na kwa wanaopewa mkataba, kina Colt na FN. Wengine wamepima vipande na kuiga, na wapo walioiga vizuri sana. Lakini kiunzi kuwa cha aluminiamu inayotakiwa na jeshi haimaanishi bolti imepimwa kama ya jeshi. Neno moja linafunika bunduki nzima wakati ukweli wake uko kwenye kipande kimoja au viwili.

Wapo watakaosema: yanini shida zote hizi, si achukue tu ya mtindo wa AK, isiyoharibika? Mtu wa Tanzania huamini hivyo upesi kwa sababu SMG, kama tunavyoiita AK hapa kwetu, ameiona mikononi mwa askari tangu utotoni, imechakaa, rangi imekwisha, na bado inafanya kazi. Mimi mwenyewe nilifunzwa kulenga kwa SAR, ile semi-otomatiki ya Simonov yenye risasi kumi zinazokaa tumboni mwake bila magazini ya kuchomoa, na sikumbuki ikikwama. Lakini sifa hizo ni za viwanda vya serikali vilivyofua chuma kwa ajili ya majeshi. Haziendi na umbo. Marekani ilipozuia kuingiza bunduki za namna ile mwaka 1989, na kuanzia mwaka 2005 ikazuia hata mitutu iliyokuwa ikiingia na vipande vya kuungaunga, watengenezaji wa ndani walilazimika kujitengenezea. Wengine walisubu vipande ambavyo vilipaswa kufuliwa. Ukisubu chuma unakimimina kikiwa uji, ukifua unakigonga hadi nyuzi zake zishikamane. Kwenye kile kipande cha mbele kinachoshika mtutu, kusubu vibaya ni hatari: kila risasi inakisukuma kidogo, nafasi inapanuka, na mwenye bunduki haoni hadi siku ganda litakapopasukia ndani.

Kinyume chake kuna WASR, bunduki ya mtindo wa AK ya kiwanda cha Cugir, Romania. Mbaya wa sura. Mbao zake hazijapigwa msasa sawasawa, na za zamani baadhi zilifika shabaha ya mbele ikiwa imeinama upande. Watu wakazidharau. Lakini mtutu wake umefuliwa kwa nyundo na kutiwa kromu ndani, kazi ya kiwanda kilichozoea kuhudumia jeshi. Kati ya bunduki inayopendeza yenye kipande cha kusubu na ile iliyokunja uso yenye mtutu wa kufuliwa, mimi sina swali.

Kitu kimoja ambacho hakimo kwenye bei ya bunduki ni risasi, nacho kimeharibu sifa za bunduki nyingi. Hapa kwetu, Novemba 1914, askari wa kamanda Mjerumani von Lettow-Vorbeck waliilinda Tanga wengi wao wakiwa na bunduki za mwaka 1871 za risasi moja moja. Kwa chuma zilikuwa imara. Aibu yake ilikuwa baruti nyeusi: kila ukifyatua, wingu la moshi linapanda na kumwonyesha adui ulipo. Waliposhinda waliokota silaha za Waingereza za kutosha kombania tatu, pamoja na risasi 600,000, na hawakungoja kubadilisha. Vietnam nako, kati ya mwaka 1965 na 1967, M16 za Colt, ndugu wa kijeshi wa AR-15, si za bei nafuu wala za kampuni changa, zilikwama mikononi mwa vijana waliokufa wakizifungua. Kamati ya bunge la Marekani ilichunguza mwaka 1967. Baruti ilikuwa imebadilishwa na kuongeza kasi na masizi, chemba hazikutiwa kromu, na vifaa vya kusafishia havikuwafikia askari wote. Chemba zilipotiwa kromu na vifaa kugawiwa, bunduki ya jina lilelile ikatulia.

Houston ina unyevu wa bahari kama wetu. Joto, mvuke, chumvi ukikaribia ghuba. Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu achague mtutu wenye kromu au uliotiwa naitridi, asome maandishi juu yake ajue chemba ni ya 5.56 au ya .223, risasi mbili zinazofanana kwa umbo, maana risasi ya 5.56 kwenye chemba ya .223 hupandisha presha isivyotakiwa, na asinunue magazini za bei ya kutupa. Magazini ndiyo sehemu ya kwanza ninayoishuku bunduki ya semi-otomatiki inapokwama. Kwa wasomaji wa hapa nyumbani, umiliki una njia yake chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na dhamana ya kiwanda cha ng'ambo kwetu ni karatasi tu. Hakuna wa kumrudishia bunduki kwa posta. Ndiyo sababu ushauri wangu kwa mkulima au kampuni ya ulinzi ya Tanga ni mkali kuliko niliompa yeye.

Amenunua mojawapo ya zile mbili nilizomwambia, pungufu ya dola 700. Juzi alinitumia picha tatu. Ya kwanza ni bolti, alama ya kupimwa ipo. Ya pili ni zile skrubu, chuma kimegongelewa kila upande hadi kimeingia kwenye vichwa vyake. Ya tatu ni daftari lake la shule ya udereva, amepiga mistari kwa kalamu ya risasi: risasi 240, magazini tatu, imekwama mara mbili, zote mbili kwenye magazini aliyoipaka rangi nyekundu. Hiyo ameitupa. Nimemwambia afyatue nyingine mia mbili, za aina ileile atakayotumia ranchini, na kila kitu akiandike, kabla hajaingia nayo porini usiku.